Umejichora jicho la Ra, lakini jua lako nani amelichukua?

Jumamosi iliyopita beste yangu alikuja kunitembelea kejani hapa Syokimau, mkono wake umefungwa nailoni. Nikadhani ameungua. Kumbe ametoka kuchorwa tatuu. Akafunua polepole, nikaona jicho: wanja mrefu, mstari unaoshukia shavuni, na mwingine umejikunja kama mkia wa kinyonga.

"Jicho la Ra," akaniambia. "Mungu jua wa Misri. Ni nguvu, maze. Ni nuru."

Sh4,500. Na bado alikuwa na deni la mia tano kwa mchoraji.

Ili nilione vizuri hilo jicho la mungu jua, ilibidi niwashe taa. Ilikuwa saa saba mchana.

Wacha nieleze. Ninakaa ghorofa ya pili, chumba cha nyuma. Nilipohamia, dirisha langu lilitazama kiwanja kitupu, nyasi na ule udongo mweusi wa Mavoko unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Asubuhi jua liliingia hadi kwenye godoro, likaniamsha kabla ya alamu. Kisha wakaja watu wakachimba msingi. Leo nikifungua dirisha na kunyoosha mti wa fagio, nagusa ukuta wa jirani. Ghorofa saba. Mchana wangu sasa ninaununua kwa tokeni za stima.

Sina ugomvi na Ra. Hata mimi nampenda. Ninachouliza ni hiki: mbona kizazi chetu kinalipa pesa kumvaa mungu jua wa watu walioishi maelfu ya miaka iliyopita, na jua letu wenyewe tunakaa kimya likichukuliwa mbele ya dirisha?

Kabla hujanijibu, ujue mimi si profesa. Niliacha chuo nikiwa muhula wa nne, diploma ya ujenzi, karo iliponishinda. Mambo haya nimeyasoma usiku, kwenye simu na kwenye vitabu vya kuazima. Nisikize kama msee wa mtaa anayependa kusoma.

Ra ni nani hasa?

Jina lake maana yake ni jua, basi. Wamisri wa kale walimchora kama mtu mwenye kichwa cha mwewe, juu yake duara la jua, na nyoka swila amelizunguka hilo duara. Lakini hakuwa na sura moja tu. Asubuhi aliitwa Khepri, akachorwa kama yule mdudu anayebingirisha mpira wa kinyesi. Usicheke. Waliona mdudu mdogo akisukuma duara kubwa kuliko yeye, wakasema hivyo ndivyo jua linavyosukumwa hadi juu. Adhuhuri alikuwa Ra mwenyewe. Jioni alikuwa Atum, mzee aliyechoka anayerudi nyumbani.

Kisha usiku. Hapa ndipo hadithi inaponoga. Ra alipanda mashua akapita chini ya dunia kwa saa 12, na kila saa ilikuwa na lango lake na hatari yake. Adui mkubwa alikuwa joka liitwalo Apep, lililotaka kumeza jua lisirudi tena. Kwa hivyo kwa Mmisri wa kale, asubuhi haikuwa jambo la kuchukuliwa hivihivi. Jua likichomoza, ilimaanisha kuna mtu amepigana usiku kucha.

Wamisri waligawa mchana saa 12 na usiku saa 12. Unajua nani bado anahesabu hivyo? Wewe. Ukimwambia dereva wa bodaboda "nichukue saa moja asubuhi", simu yako inasema 7:00 lakini mdomo wako umehesabu tangu jua lichomoze. Saa ya Kiswahili huanzia machweo na mawio, si usiku wa manane kama ya Mzungu. Sisemi tumeitoa Misri. Ukiishi karibu na ikweta, ambako mchana na usiku vinatoshana mwaka mzima, jua lenyewe ndilo saa. Nasema tu kwamba kila siku, bila kujichora chochote, tunaishi kwa hesabu ya jua.

Kuhusu lile jicho. Nilienda kusoma nikagundua kitu ambacho sikumwambia beste yangu siku ileile, kwa sababu deni bado lilikuwa bichi. Jicho lenye mstari na mkunjo ni la Horus, mungu mwingine mwenye kichwa cha mwewe. Jicho la kulia lilihusishwa na jua, la kushoto na mwezi, ndiyo maana watu huyachanganya. Jicho la Ra mara nyingi lilichorwa kama duara la jua lenye swila. Sasa anajua. Samahani, buda.

Mji mkuu wa Ra uliitwa Iunu. Wagiriki waliuita Heliopolis, yaani mji wa jua. Leo umemezwa na Cairo, na mtaa mmoja wa huko unaitwa Ain Shams, Kiarabu cha "jicho la jua", au "chemchemi ya jua" ukipenda. Karibu na hapo, Matariya, kuna nguzo moja ya jiwe iliyosimamishwa na Farao Senusret wa Kwanza karibu miaka 4,000 iliyopita. Ina urefu wa kama mita 20. Ilikuwa ya kwanza kupigwa na jua asubuhi. Leo imezungukwa na mitaa ya maghorofa yaliyobanana. Nilipoona picha yake nilihisi kama naangalia Syokimau.

Na hilo neno, jicho la jua, si lazima ulifuate hadi Cairo. Muulize Mjaluo yeyote jua linaitwaje. Atakwambia chieng', au wang' chieng'. Wang' ni jicho. Wazee wa Kiluo wa zamani walilisemesha jua likichomoza na likizama, wakiliomba liwachomozee vyema. Jicho lilikuwa hapa Kisumu, bila bei ya mchoraji.

Mlango unaotazama mashariki

Sasa huyu beste yangu ni mtu wa Bomet. Nikamuuliza, "Kwenu jua linaitwaje?"

"Asista."

"Na Mungu?"

"Jehovah."

"Na kabla ya Jehovah?"

Akacheka, akasema hilo nikamuulize kogo wake, yaani nyanya yake.

Jibu ni Asis. Wengine humwita pia Cheptalel. Msikilize Mkipsigis au Mnandi akitamka Asis na asista, utasikia jinsi Mungu na jua walivyokuwa jirani. Mwaka wa 1909 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, A. C. Hollis, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi. Humo anaeleza jinsi wazee walivyoamka asubuhi, wakalielekea jua linapotokeza, wakatema mate upande wake na kuomba ulinzi wa watoto na ng'ombe. Mate hayo hayakuwa matusi. Yalikuwa baraka.

Jambo lililonishika zaidi, pengine kwa sababu ya ile diploma niliyoiacha, ni nyumba. Mlango ulitazama mashariki. Mbele ya nyumba Wakipsigis walisimamisha mabwaita, madhabahu ya matawi, na ibada kubwa ya jamii ikafanywa mahali palipoitwa kapkoros. Leo ukisikia Kapkoros utafikiria kiwanda cha majani chai huko Bomet. Beste yangu amekunywa hiyo chai tangu utotoni na hajawahi kuuliza jina limetoka wapi.

Vuka mpaka uende Kilimanjaro. Wachagga walimwita Mungu Ruwa, na ruwa ni jua. Wamishonari wa Kilutheri walipofika hawakuleta jina jipya. Walilichukua hilohilo, na mpaka leo Mkristo wa Kichagga akiomba kwa lugha ya kwao humwita Mungu Ruwa. Hebu yaseme haya kwa sauti: ruwa ya Kichagga, riua ya Kikuyu, syua ya kwetu Wakamba, jua ya Kiswahili. Ni neno moja limelelewa katika nyumba tofauti.

Sitaki kudanganya kwamba babu zetu waliabudu jua kama kitu tu kilichoko angani. Marehemu John Mbiti, mwana wa Ukambani, kasisi na msomi, aliandika kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika mwaka wa 1969. Alionya kuhusu jambo hilo: watu wengi Afrika walimhusisha Mungu na jua, lakini kuhusisha si kusema jua ndilo Mungu. Ni kama unavyomjua mtu kwa kivuli chake kabla hajafika.

Unachotakiwa kuona ni mpangilio wenyewe. Huku kwetu hapakuwa na hekalu la ukuta mnene wala kuhani wa kukufungulia. Kila mlango ulikuwa na mashariki yake. Tajiri na maskini, mwenye ng'ombe mia na asiye na hata mbuzi, waliamka wakapigwa na jua lilelile usoni. Hakuna aliyeligawa.

Mwenzangu utaniambia, "Lakini Wakalenjin walitoka Misri, kwa hivyo ni yaleyale." Masimulizi hayo yapo kweli. Dkt Kipkoeech araap Sambu ameyaandikia kitabu kizima akiuliza kama Isis wa Misri ndiye Asiis. Ni swali halali na nimelifurahia. Lakini mimi sijashawishika. Wataalamu wa lugha wanaiweka Kalenjin katika jamii ya Kinailoti, pamoja na Kimaasai na Kijaluo. Kimisri cha kale wanakiweka upande wa Kiarabu na Kisomali. Tena Isis hakuwa jua. Kuna hadithi ya Kimisri ambamo Isis anatengeneza nyoka amuume Ra, ili Ra akizidiwa na sumu amtajie jina lake la siri. Hao ni wawili tofauti, tena wasioaminiana.

Lakini hata kama ingekuwa kweli, nauliza: kwa nini Asis awe na thamani pale tu anapopata cheti cha Misri? Mimi sina cheti, najua kidogo kuhusu hilo. Kuna watu hawakusikilizi mpaka uwaonyeshe karatasi kutoka mahali pakubwa. Tusimfanyie Mungu wa nyanya zetu hivyo.

Jua lenye mikono

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauza cheni za ankh hawakuambii.

Misri haikuwa mahali ambapo kila mtu alikuwa na jua lake. Mafarao walijiita "mwana wa Ra". Hata jina Ramses maana yake ni kwamba Ra ndiye aliyemzaa. Ukishasema wewe ni mtoto wa jua, sisi wengine tunakuwa nani? Wapangaji.

Aliyevuka mipaka ni Akhenaten, aliyetawala karibu mwaka wa 1350 kabla ya Kristo. Huyu aliwapiga teke miungu wengine, akabaki na Aten, duara la jua lenyewe. Akahamisha makao makuu hadi mji mpya jangwani, mahali panapoitwa Amarna leo. Watu wengi mtandaoni wanamsifu kama mwanamapinduzi. Picha zake kweli ni nzuri ajabu: jua liko juu, miale inashuka, na kila mwale unaishia kwa kiganja cha mkono. Viganja vingine vimeshika ankh, alama ya uhai.

Tazama viganja hivyo vinapeleka wapi uhai. Vinaupeleka puani mwa mfalme na malkia Nefertiti. Wengine wote pichani wameinama. Walitakiwa kumwomba mfalme, naye ndiye amwombe Aten.

Na hao wengine waliishije? Wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kufukua makaburi ya raia wa kawaida wa Amarna katika miaka ya 2000. Walikuta mifupa ya watu waliokufa wakiwa wadogo, wengi wa umri wetu na chini yake. Migongo na viungo vilikuwa vimeumizwa na mizigo mizito, na mifupa ilikuwa na dalili za lishe duni. Mji uliojengwa kwa heshima ya jua lenye mikono, na mikono hiyo haikuwafikia waliobeba mawe yake.

Kuna barua moja ya udongo iliyopatikana Amarna. Mfalme Ashur-uballit wa Ashuru anamlalamikia Farao kwamba wajumbe wake wanasimamishwa juani muda mrefu hadi hali yao inakuwa ya kufa. Anauliza kama mfalme anafaidika na kusimama juani, basi sawa, lakini kama hakuna faida, kwa nini watu wafe? Zaidi ya miaka 3,300 imepita na bado ukiisoma unaweza kudhani imeandikwa na mtu aliyekaa foleni ya ofisi ya serikali.

Sisi tuna neno letu kwa hali hiyo. Jua kali. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilifanya dunia itambue kazi za watu wasio na ofisi wala mwajiri. Sisi tulikuwa na jina linaloeleweka zaidi: fundi anayegonga bati Kamukunji jua likimchoma utosini. Katika miaka ya themanini serikali ilipoanza kuwajengea vibanda, hicho ndicho walichohitaji. Fundi hakuomba jua. Aliomba kivuli.

Ukiziweka pamoja Amarna, Kamukunji na chumba changu, unaona kitu kimoja. Mwenye mamlaka ndiye hugawa jua na kivuli. Anayebeba mzigo hupewa jua lote, mpaka limuunguze. Anayelala kwenye chumba cha bei rahisi hunyimwa lote, mpaka nguo zake zinuke uvundo. Kivuli cha kupumzikia na jua la asubuhi vinabaki kwa mwenye nacho. Alama ya Ra shingoni haibadilishi hesabu hiyo hata kidogo.

Jua la Sh2,000

Mtaa wetu umepewa jina la Syokimau, nabii wa Kikamba ambaye masimulizi yanasema aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini akielekea ziwani. Watu wanasema ndiyo reli. Stesheni ya treni ilifunguliwa hapa 2012, na kituo kikuu cha SGR 2017. Nyoka amefika, amelala, anakohoa moshi. Ila sijasikia masimulizi yoyote ambapo mama huyo alituonya kuhusu maghorofa.

Nilipokuwa natafuta nyumba, ejenti alinipeleka chumba cha mbele. Sh14,000. Kisha cha nyuma, kipimo kilekile, sinki ileile. Sh12,000. Nikamuuliza tofauti. Akanijibu bila kupepesa: "Huku mbele kuna mwangaza." Kwa hivyo bei ninaijua. Jua la Syokimau ni Sh2,000 kwa mwezi, na wakati ule cha nyuma bado kilikuwa na lake la bure kwa sababu kiwanja kilikuwa kitupu. Ukuta ulipopanda, kodi haikushuka.

Mlango wa tatu kutoka kwangu anakaa mama mwenye mtoto wa miezi mitano. Kliniki walimwambia amwote mtoto jua la asubuhi, kwa sababu ngozi ikipigwa na jua mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa ya mtoto hulegea akaota matege. Tena jua la kupitia kioo cha dirisha halisaidii. Kwa hivyo kila asubuhi mwendo wa saa mbili na nusu, anashuka ngazi na mtoto mgongoni na kigoda mkononi. Kwenye maegesho ya magari kuna ufa kati ya ghorofa mbili, na jua hupita hapo kama nusu saa hivi. Anaweka kigoda, anamvua mtoto fulana, anamgeuza tumbo, anamgeuza mgongo. Gari likitaka kutoka, anahama. Jua likihama, anahama nalo. Nusu saa ikiisha, anapanda ngazi.

Ukitaka kuona ibada ya jua mwaka huu, usiende Misri. Njoo maegesho yetu.

Najua utakachoniambia, na una haki. Kwanza, mwenye ploti alikopa benki na ardhi ya hapa ni ghali, akiacha nafasi kubwa kati ya majengo atapunguza vyumba na kodi itapanda. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilichagua cha nyuma kwa sababu mfuko haukuruhusu cha mbele. Pili, nyanya wa Bomet alikuwa na ekari za kuzungushia mlango wake, sisi tuna futi hamsini kwa mia. Kweli pia. Tatu, hata mwalimu wetu wa ujenzi alitufundisha kwamba katika nchi kama yetu, ukuta mpana ukiutazamisha magharibi chumba kitakuwa tanuri kila alasiri. Sidai kila dirisha Kenya litazame mashariki kesho.

Ninachokataa ni uongo kwamba giza ni bei rahisi. Nalipa stima mchana. Jirani analipa kwa ngazi na kwa hofu ya miguu ya mwanawe. Nguo haziki, kuta zinaota ukungu, vifua vinabana. Gharama ipo, ila imehamishwa kutoka kwa mjenzi ikawekwa kwa mpangaji, kidogokidogo, mahali isipoonekana kwenye risiti. Mita chache kati ya ukuta na ukuta zingetosha.

Na haki hiyo si ya kuomba kama fadhila. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43 kinataja makao yanayofaa. Kaunti ndiyo inayoidhinisha ramani za majengo, na umma unatakiwa kushirikishwa. Shida ni kwamba matangazo ya kuomba maoni tunayapita kila siku kama mabango ya waganga. Mimi pia. Lile la jengo lililofunika dirisha langu nililipita miezi miwili, nikalipiga hata picha kwa sababu mbuzi alikuwa amelala chini yake. Sikusoma lilichosema. Kwa hivyo nikilalamika leo, sehemu ya kidole inanielekea mimi.

Vijana tunajua kupigania vitu vinavyoonekana kwenye simu. Tunaweza kubishana siku tatu kama Cleopatra alikuwa mweusi. Lakini kikao cha maoni kikiitwa kwenye ukumbi wa chifu siku ya Jumatano asubuhi, utakuta wazee sita na mwakilishi wa mjenzi aliyeleta soda.

Beste yangu alilala kwangu ile Jumamosi. Asubuhi tukashuka kununua mandazi, tukamkuta mama na mtoto wake kwenye ule ufa. Akasimama akawatazama muda mrefu bila kusema kitu, na huyo ni mtu wa maneno mengi. Tuliporudi juu akampigia kogo wake simu, akamuuliza mlango wa nyumba ya zamani ulitazama wapi. Nilimsikia mzee huyo akicheka hadi akakohoa. Alitaka kujua mlango ungetazama wapi pengine.

Sasa nimalizie na habari yenyewe. Kiwanja kinachopakana na maegesho yetu, upande wa mashariki, ule unaoruhusu jua lipite kwa nusu saa, kimepata mwenyewe. Bango limesimamishwa wiki hii. Safari hii nililisoma. Ni jengo la vyumba vya kukodisha, na linaalika yeyote mwenye maoni ayapeleke kwa maandishi kabla siku zilizotajwa hazijaisha.

Nimeandika barua. Sijaomba wasijenge. Nimeomba waache nafasi, nikataja mtoto wa miezi mitano, saa mbili na nusu asubuhi, na upana wa ufa, niliyeupima mwenyewe kwa hatua. Wapangaji kumi na wanne wametia sahihi. Beste yangu si mpangaji, lakini alitaka awe shahidi, akatia yake chini kabisa kwa ule mkono wenye jicho.